Mashine Haijui Koma

Bi Koma si jina alilopewa na wazazi wake. Alipachikwa na wapanga chapa wa kiwanda cha kuchapa vitabu, mwaka wake wa kwanza kazini, kwa sababu kila ukurasa wa prufu, nakala ya kusahihisha kabla ya kuchapa, uliopita mezani kwake ulirudi na malalamiko yaleyale: koma imekosekana hapa, koma imezidi pale. Akisimama mlangoni mwa chumba chao na karatasi mkononi, wanaume wazima walikuwa wanaacha kucheka. "Koma!" anasema, kidole juu ya mstari. Siku moja mmoja wao akainua mikono na kujibu, "Nimekoma mama, nisamehe," na chumba kizima kikaangua kicheko. Tangu hapo jina likamganda. Walioajiriwa baadaye hawakujua kwamba ni la utani, wala hawakuuliza.

Mtu mmoja tu pale kiwandani alimwita kwa jina lake kamili, la kwake, la baba na la babu, kama anayesoma hati mbele ya hakimu. Huyo alikuwa mzee mwenye kiwanda. Mzee alipofariki, mwanawe alirithi mashine, jengo na watu. Majina ya watu hayakuwemo kwenye urithi.

Kazi ya msomaji prufu ina dhuluma ndani yake, na tuiseme mapema. Ukiifanya vizuri, hakuna anayejua kwamba ulikuwepo. Kitabu kinatoka kisafi, mwandishi anasifiwa, mchapaji anasifiwa. Likipita kosa moja tu, basi siku hiyo hata mfagiaji anajua ofisi yako iko wapi. Bi Koma aliifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na sita katika chumba chenye dirisha moja, jirani na mashine ya kukatia karatasi. Kila kisu cha mashine kilipoteremka, chai kwenye kikombe chake ilitikisika. Kalamu nyekundu, rula, na alama zake: mstari wenye kijimkia kwa neno la kufutwa, vitone chini ya neno lililofutwa kimakosa. Mtoto wake alijua alama hizo kabla ya kujua kusoma saa.

Mwaka wake wa tatu alianza kukusanya maneno. Alichoka kusahihisha kosa lilelile kila wiki, akaokota vipande vya karatasi vilivyobaki chini ya mashine ya kukatia, na kila alipokutana na neno linalokosewa alilinakili, namna sahihi juu, namna za makosa chini. Mzee alimkuta siku moja ameinama chini ya mashine akiokota.

"Unatafuta nini huko?"

"Karatasi, mzee. Za kuandikia maneno."

"Chukua mama, chukua. Zingetupwa tu."

Hiyo ndiyo ruhusa pekee aliyowahi kupewa, na aliyeitoa alikwenda nayo kaburini. Haba na haba hujaza kibaba: kadi zilijaza boksi la viatu, kisha la pili, kisha zikapanda juu ya kabati la nyumbani mpaka karibu na dari. Maboksi thelathini na moja. Maneno aliyaokota kazini, lakini kuyapanga aliyapanga nyumbani, Jumapili kwa Jumapili, kadi zimetandazwa mezani na bintiye akila kwenye mkeka kwa kukosa nafasi.

Mwaka wake wa tatu, mrithi alibadilisha kompyuta zote za kiwanda, akaweka Linux, mfumo ambao haununuliwi. Asubuhi ya kwanza Bi Koma aliandika kwenye mashine mpya sentensi ya majaribio: *Watoto wanasoma vitabu vyao.* Mashine ikachora mstari mwekundu chini ya maneno yote manne. Aliandika nyingine. Mekundu. Akamwita fundi wa kompyuta, bwana mmoja wa makamo mwenye kitambi na roho nzuri, aliyekuwa akitembea na waya shingoni kama daktari na kipimo chake.

"Fundi, hii mashine yako imelewa? Lugha nzima imekuwa kosa?"

"Haijafundishwa Kiswahili, Bi Koma. Haina orodha ya maneno."

"Orodha gani?"

"Orodha tu. Maneno yaliyo sahihi. Neno lisilokuwemo, inalipiga mstari."

Bi Koma aliweka kalamu mezani. Akili yake ilikuwa imeshafika nyumbani, juu ya kabati.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Fundi alidhani ni kazi ya mwezi mmoja, ya kunakili kadi kwenye kompyuta. Alikuwa hajui anachezea lugha ya nani. Kiswahili hukiwekei kitenzi kimoja ukaondoka. *Piga* mmoja ana watoto, wajukuu na vilembwe: anapiga, alimpiga, hawatapigana, walipopigiwa. "Hakiorodheshwi hiki," Bi Koma alimwambia. "Kinaungwa." Ikabidi waandike kanuni, kiambishi kwa kiambishi, na kanuni moja ikikosewa mashine inakubali upuuzi. Ili kuzijaribu, Fundi alichagua kitenzi kwa makusudi, mtu wa masihara yule. Akaandika: *nimekoma, utakoma, hatukukoma, alimkomesha, wamekomeshwa, wakomeshane.* Mashine ikayapitisha yote bila mstari, na Bi Koma akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi.

Iliwachukua miaka miwili. Saa ya chakula cha mchana alichapa kanuni pamoja na Fundi. Jumapili bintiye, ambaye sasa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alimsomea kadi kwa sauti na mama akazichapa. Wakapata maneno arobaini na moja elfu, kanuni zake pembeni. Fundi alijaribu kwenye mashine zote za kiwanda, ya bosi ikiwemo, na mistari myekundu ikatoweka isipokuwa pale penye kosa la kweli.

Sasa Fundi akaja na wazo. Toleo lao la Linux, kama matoleo mengine makubwa, lina ghala lake la programu. Mtu popote alipo anaandika amri moja, na kifurushi kinashuka kutoka ghalani hadi kwenye mashine yake, bure. Kikagua tahajia chao, yale maneno na kanuni zake, kikiingia humo, kila shule, kila ofisi, kila mtu aliyekuwa anaona lugha yake imepigwa mistari kama daftari la mjinga, atakipata. Shule ya bintiye ilikuwa imeahidiwa chumba cha kompyuta, nazo zingewekewa toleo jipya litakalotoka mwaka huo.

"Na jina lako litakuwemo," Fundi alisema. "Kila kifurushi kina faili la hakimiliki. Linaeleza kazi ni ya nani. Litakaa kwenye kila mashine."

Bi Koma alikuwa amesahihisha majina ya waandishi kwenye majalada zaidi ya mia nne. Alimwomba Fundi arudie alichosema. Kisha akachukua kadi tupu akaandika kwa mkono wake, herufi zimesimama wima, majina matatu: lake, la baba, la babu. "Usiyakosee," alimwambia, na ungedhani anamkabidhi mtoto mchanga.

Fundi aliyaweka kwenye mstari wa kumi na nne wa faili lile. Bi Koma aliomba achapishiwe ukurasa huo, akaukunja mara mbili na kuuweka kwenye mkoba.

Ghala halina mlango wazi. Mgeni haingizi kitu mwenyewe; lazima apate mdhamini, mmoja wa wenyeji wa ghala, amkague kwanza. Wakampata mama mmoja wa nchi ya mbali ambaye hawakuwahi kumwona wala kumsikia sauti. Yeye na wenzake hufanya kazi ile kwa kujitolea. Mama yule alikirudisha kifurushi mara saba. Mara hii jina la faili limeandikwa kwa herufi kubwa, mara ile maelezo yana nafasi mbili badala ya moja, mara nyingine tarehe haikufuata utaratibu. Fundi, ambaye ndiye aliyekuwa akiandikiana naye kwa anwani yake kwa sababu ndiye aliyejua Kiingereza cha kompyuta, alianza kunung'unika.

"Huyu mama ananitafutia sababu."

"Mwache," Bi Koma alisema. "Huyo ni mwenzangu. Ni msomaji prufu huyo."

Na kweli alimpenda. Katika miaka yote ile hakuwahi kukutana na mtu mwingine duniani anayejali nafasi mbili badala ya moja.

Mara ya nane mdhamini aliridhika, akakipeleka kwenye foleni ya walinzi wa ghala, ambako kila kitu kipya husubiri. Kilikaa wiki kumi na moja. Jina lake lilikuwa humo wakati wote huo, mstari wa kumi na nne, likisubiri foleni na vifurushi vya watu wengine. Kisha ukaja ujumbe. Fundi alimtafsiria akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye mlango.

"Wanauliza maneno yametoka wapi. Nani aliyakusanya, na aliyakusanya wapi. Wanaogopa yasije yakawa yamenakiliwa kwenye kamusi ya mtu."

"Swali zuri," Bi Koma alisema, akavuta karatasi.

Aliandika jibu kwa dakika mbili: *Niliyakusanya mimi mwenyewe, kwa miaka ishirini na mitatu, kazini, saa za kazi, kwenye vipande vya karatasi vya kiwanda.*

Fundi alisoma, akasoma tena, kitambi kikapanda na kushuka.

"Bi Koma. Hii usiandike."

"Kuna kosa?"

"Hakuna kosa. Ndiyo shida yenyewe. Andika tu kwamba ulikusanya mwenyewe, ishia hapo."

"Wameuliza wapi."

"Sema nyumbani! Si uliyapanga nyumbani? Jumapili zote zile?"

"Hawajauliza yalipangwa wapi, Fundi. Wameuliza yalikusanywa wapi."

"Mama yangu, nakuomba. Hawa watu hawakujui, hawatakuja kukagua."

"Mwenzangu ameniuliza swali, nimjibu uongo?" Aliirudisha karatasi mbele yake, akaangalia koma zote nne zilivyokaa, akaridhika. "Itume hivyohivyo."

Wahenga wanasema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Hawakusema kama Mungu ana sauti kwenye mambo ya hakimiliki. Mtu mwingine yeyote, hata mwaminifu, angeandika nusu ya sentensi ile na kulala usingizi. Bi Koma alikuwa ameishi kwa kutoacha kitu kipungue wala kizidi, na alipoulizwa swali moja kuhusu maisha yake alilijibu kama anavyosahihisha ukurasa.

Walinzi walijibu kwa adabu, hilo sitawanyima. Wakasema wanashukuru kwa uwazi, lakini kazi iliyofanywa saa za mwajiri kwa vifaa vya mwajiri, mara nyingi sheria huihesabu ya mwajiri. Hawawezi kuipokea mpaka mwajiri alete barua: ama aseme haidai, ama aseme ni yake na anaruhusu itumike. Na Fundi akaongeza habari ambayo haikuwa kwenye ujumbe: malango ya ghala yanafungwa Ijumaa ya wiki ile, ili toleo jipya liandaliwe. Kitakachobaki nje kitasubiri toleo lijalo, miaka miwili. Ilikuwa Jumatatu.

Bosi alimpokea vizuri. Ofisi yake ilikuwa na zulia jipya na picha ya baba yake ukutani, na sanduku la safari lilikuwa limesimama karibu na meza, maana alikuwa anaondoka Jumatano kwa wiki mbili. Bi Koma alimweleza polepole. Bosi alisikiliza nusu, kisha akaketi wima.

"Yaani hiki kitu kitakuwa kwenye kompyuta za dunia nzima?"

"Za watakaotaka, bosi."

"Na jina la kiwanda linaweza kuwemo?"

"Ukiandika kwamba hudai chochote, itabaki..."

"Subiri, Mama Koma. Kwa nini niseme sidai? Karatasi zetu, saa zetu, wamesema wenyewe. Tena umesema wewe." Hakuwa na ukali wowote, alikuwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu kwenye koti la zamani. "Mimi sina choyo. Watumie bure, wote. Lakini kiwanda kikae juu. Marehemu mzee angefurahi."

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Bi Koma alitazama picha ukutani, mzee naye akamtazama.

Karani alikuwa likizo, kwa hiyo bosi aliichapa barua mwenyewe kesho yake, akaitia saini na muhuri, akamwita aichukue. Bi Koma aliisoma akiwa amesimama, kama alivyosoma kila kitu, kwa herufi kwanza. Haikuwa na kosa hata moja la tahajia. Ingekuwa nalo vipi, na maneno yake yalikuwa ndani ya mashine ile yakimkosoa bosi kila alipoteleza. Kisha akaisoma kwa maana. *Orodha hii ni mali ya kiwanda chetu, na iliandaliwa na kiwanda kupitia mfanyakazi wake, Koma.*

"Bosi, hapa."

"Nini, nimekosea tahajia?"

"Hapana. Hili silo jina langu."

Bosi alicheka, akadhani ni utani. Alipoona hacheki, akaacha. "Kumbe unaitwa nani?"

Alimwambia, majina matatu. Ulikuwa mwaka wa sita wa kumfanyia kazi.

"Aa, sawa, sawa. Refu hilo." Alikuwa amesimama tayari, anatafuta funguo. "Karani akirudi atarekebisha. Si umesema siku ya mwisho ni Ijumaa? Peleka hii kwanza."

Fundi aliisoma, akaiweka kwenye meza ya Bi Koma. Mezani palikuwa na ukurasa mpya aliouchapisha, faili la hakimiliki likiwa na jina la kiwanda juu, na chini yake, mstari wa kumi na nne, majina matatu ya Bi Koma bado yapo.

"Nikiwapelekea barua inayosema Koma, na faili linalosema hivi," alisema, "watauliza huyu wa pili ni nani. Na yeye ameruhusu? Na yeye aliajiriwa na nani? Tutarudi kwenye foleni."

"Waeleze ni mtu mmoja."

"Nitawaeleza. Watataka barua nyingine inayosema hivyo. Nani atatia saini, na mwenyewe anaondoka kesho?"

Mashine ya jirani iliteremsha kisu, kikombe kikatetemeka. Bi Koma alifikiria chumba cha kompyuta cha bintiye, watoto arobaini na tano mbele ya mistari myekundu kwa miaka miwili mingine, wakiambiwa na mashine kwamba maneno ya mama zao ni makosa. Alifikiria pia jambo lake mwenyewe, tusimfanye malaika. Alilitaka jina lile pale. Alilitaka kwa nguvu iliyomtia aibu. Kisha akafungua kalamu nyekundu, akavuta mstari juu ya majina yote matatu, na mwishoni akaupinda kwa kijimkia, alama ya kufuta.

"Toa," alisema. "Weka la kwenye barua. Tutarekebisha karani akirudi."

Kifurushi kilipokelewa Alhamisi, saa nne asubuhi, siku moja kabla ya malango kufungwa. Fundi alikimbia kwenye korido akipiga makofi, wapanga chapa wakatoka na mikono yenye wino, na mmoja wa wakongwe akapiga kelele, "Bi Koma juu!" Alishangiliwa. Alilia kidogo, akasingizia vumbi la karatasi.

Bosi aliporudi aliagiza kibao, kikatundikwa kwenye lango: *Wachapaji vitabu majarida na kalenda, wamiliki wa kikagua tahajia cha Kiswahili.* Baada ya neno "vitabu" palikosekana koma. Bi Koma alipita chini yake kila asubuhi, na kalamu nyekundu mkobani, na kwa mara ya kwanza maishani aliliacha kosa lilale palepale lilipo.

Karani alirudi. Bi Koma alimwendea mara ya kwanza, akaambiwa bosi ana wageni. Mara ya pili, bosi amesema ataangalia. Mara ya tatu karani, ambaye hakuwa mtu mbaya, alitazama pembeni. "Amesema barua ilishafanya kazi yake. Amesema hayo ni mambo madogo, Bi Koma, usimsumbue nayo."

Mambo madogo. Mtu aliyekula, akasomesha mtoto na kujenga vyumba vitatu kwa mambo madogo.

Fundi alijaribu mlango mwingine. Ghala lina utaratibu wa kupokea ripoti za makosa, kila ripoti ikipewa uzito wake. Aliandika kwamba mstari wa kumi na nne una kosa, akaeleza yote. Mama mdhamini alijibu baada ya siku tano, na unaweza kuona kwamba aliumia. Alisema faili lazima lilingane na barua ya mwenye mali. Mwenye mali akituma barua mpya, atabadilisha siku hiyohiyo. Mpaka hapo hana la kufanya. Ripoti ikafungwa. Kwenye sehemu ya uzito walikuwa wameandika: *mdogo*.

Miezi minne baadaye bosi alimwita. Alikuwa mchangamfu, amemwandalia kiti.

"Mama Koma, umelitumikia hili jengo. Sasa pumzika. Mashine inasoma yenyewe siku hizi, wewe mwenyewe umeifundisha."

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, kilichomtoka mdomoni kilikuwa cha kikazi.

"Mashine inajua tahajia tu, bosi. Haijui koma."

"Wasomaji hawajali koma, mama yangu," bosi alisema, akampa mkono.

Asante ya punda ni mateke, na Bi Koma aliyajua hayo tangu utotoni, ila mtu hajui methali mpaka imguse mbavuni. Alikusanya rula, miwani na kikombe. Fundi alimsindikiza hadi langoni, waya shingoni, amembebea kikombe, na Bi Koma akampigapiga begani kama vile aliyefukuzwa ni yeye.

Jumamosi moja bintiye alikuja na habari. Chumba cha kompyuta kimefunguliwa, toleo jipya limewekwa, na wanafunzi wake wameandika insha. Alikuwa anaongea huku anavua viatu.

"Kuna kasichana kameandika *hawakunikaribisha*, mama. Mashine ikakubali! Kakapiga kelele darasa zima likageuka."

"Imekubali?" Bi Koma aliweka sufuria chini. "Na *hawakunikaribisha* ilitusumbua, unakumbuka? Ile kanuni ya kukanusha."

"Imekubali. Halafu nikataka kuwaonyesha ni kazi ya mama yangu. Nikafungua lile faili mbele ya darasa." Sauti yake ilibadilika. "Mama, pameandikwa Koma. Hakuna jina lako popote. Nani amefanya hivyo?"

"Mimi."

"Mama!"

Alikuwa hajamwambia. Sasa alimwambia yote, tangu sentensi yenye koma nne mpaka kibao cha langoni, bila kupandisha sauti, na binti akaanza kutembea chumbani, mara ataandika barua, mara atakwenda kwa wakili, mara atamfuata yule bosi hukohuko ofisini kwake. Bi Koma alimwacha atembee. Alisogeza kiti, akapanda, akashusha boksi la kwanza la viatu kutoka juu ya kabati, na chini ya kadi akatoa ukurasa alioupiga mstari siku ile ya barua. Majina matatu, mstari mwekundu juu yake, kijimkia mwishoni.

Akakaa mezani, akafungua kalamu, na chini ya kila herufi ya majina yale akaanza kutia kitone. Alifanya polepole. Binti alisimama nyuma yake.

"Hiyo si ile alama ya... ile ya kurudisha?"

"Ndiyo. Neno likifutwa kimakosa unalitia vitone chini. Mpanga chapa akiviona, anajua libaki."

"Sasa unampelekea nani?"

Bi Koma aliinamia karatasi. Alikuwa anapitia kazi yake, na kitone kimoja kilikuwa kimekosekana, chini ya herufi ya mwisho ya jina la baba yake. Akakitia, akafunika kalamu.

"Hakuna wa kumpelekea," alisema. "Nimekoma, mwanangu."